Mtoto Aliyeondolewa Kifuani



Mara nyingi tukisikia neno "historia" twafikiri habari za wafalme na vita, au za wasafiri waliovuka bahari. Leo nataka kuwasimulia historia ya jambo dogo litendekalo jikoni kila siku, nalo ni chakula apewacho mtoto baada ya kuachishwa ziwa. Habari hizi hazina mfalme wala jemadari. Zina mama, na bakuli, na mtoto aliaye. Na makaburi yake ni mafupi.

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani kwamba mwalimu amepanda juu ya kiti apate kuwahukumu wengine.

Mwanangu wa pili alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane alipozaliwa mdogo wake. Siku ile aliondolewa kifuani pa mama yake, akaondolewa na kitandani pia, akalazwa pamoja na kaka yake. Alilia siku nyingi. Nami nikirudi shuleni jioni nilipita dukani, nikamnunulia soda, au biskuti, au pipi, ili anyamaze. Asubuhi alikunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi pamoja na andazi. Mchana na usiku aliketi nasi kula ugali na mboga, lakini alikula matonge mawili matatu tu, kwa kuwa tumbo lilikuwa limekwisha kujaa utamu. Hata miezi ilipopita mashavu yake yakajaa na miguu yake ikanenepa. Majirani walituambia, "Mtoto wenu amenawiri." Nasi tukafurahi.

Kisha mama yangu mzazi alikuja kumwona mjukuu mpya. Alikaa siku mbili akitazama, wala hakusema neno. Siku ya tatu aliniita nje, akasema, "Mwanangu, mtoto huyu hachezi."

Nikamjibu, "Mama, ni mpole tu. Ana wivu kwa ajili ya mdogo wake."

Akasema, "Upole gani wa mtoto asiyefukuza hata kuku? Mtoto asiyecheza anaumwa. Mpelekeni."

Tulipofika zahanati mwuguzi hakujali mashavu yale. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu mmoja, akahesabu kidogo, akaondoa kidole; kisha akafanya vivyo hivyo katika mguu wa pili. Shimo likabaki katika miguu yote miwili, kama shimo la kidole katika unga uliokandwa. Unene tulioufurahia ulikuwa maji. Nilikuwa nimefundisha somo la afya mbele ya darasa miaka mingi, na huku nyumbani ugonjwa ule nilikuwa nikiusaidia kwa fedha zangu mwenyewe.

Mtoto alipona, nami nitaeleza jinsi alivyopona. Lakini tangu siku ile nilianza kutafuta habari za ugonjwa huo, nani aliyeutambua, na kwa njia gani. Nayo niliyoyapata nayaandika hapa.

Sisi twauita unyafuzi. Katika hospitali za dunia nzima jina lake ni kwashiorkor, nalo si neno la Kizungu wala la Kilatini. Ni neno la watu wa Ga, wakaao Accra na pande zake, katika nchi iliyoitwa zamani Pwani ya Dhahabu, na tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake azaliwapo.

Aliyelipeleka neno hilo katika vitabu vya madaktari ni mwanamke, jina lake Cicely Williams. Alizaliwa mwaka 1893 katika kisiwa cha Jamaica. Wakati wa vita kuu ya kwanza wanaume wengi wa Uingereza walikuwa vitani, basi nafasi za masomo ya udaktari zikafunguliwa zaidi kwa wanawake, naye akaingia chuo cha Oxford, akahitimu mwaka 1923. Mwaka 1929 alitumwa Pwani ya Dhahabu, akafanya kazi ya kutibu mama na watoto, na kwa muda alikuwa katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise, mjini Accra.

Huko aliona watoto wengi wa mwaka 1 hata miaka 4 walioletwa wakiwa wamevimba mikono na miguu. Ngozi yao ilibadilika rangi, ikapasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nywele zao zilififia. Waliharisha, wakakataa chakula, wakawa na uchungu wa moyo, hawataki kuguswa wala kuchekeshwa. Wengi walikufa. Williams aliwapima wakiwa hai, na waliokufa aliwapasua ili atafute sababu, akakuta ini limejaa mafuta. Lakini sababu yenyewe hakuipata katika miili yao. Aliipata alipouliza habari za chakula chao, na alipowauliza wanawake jina la ugonjwa ule katika lugha yao.

Tafadhali, msomaji, tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Wanawake wa Ga hawakuwa na darubini, wala hawakusoma kitabu cha udaktari. Lakini walikuwa wameona, mama na bibi na bibi wa bibi, kwamba ugonjwa huu humshika mtoto wa namna moja: yule aliyenyang'anywa ziwa kwa sababu ya mdogo wake. Wakaliweka waliloliona ndani ya jina. Daktari aliyelidharau jina alikosa habari. Daktari aliyelisikiliza aliipata.

Aliona kwamba watoto wale, baada ya kuachishwa ziwa, walilishwa uji na vyakula vingine vya mahindi, karibu bila kitu kingine. Matumbo yao yalijaa, lakini mwili haukupata cha kujengea. Mwaka 1933 aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa watoto, akisema kwamba ni ugonjwa wa lishe uhusianao na chakula cha mahindi. Wakuu wa taaluma hawakukubali upesi. Daktari Stannus, aliyejulikana kwa elimu yake ya ugonjwa wa pellagra, aliandika mwaka 1934 kwamba ugonjwa huo ni pellagra tu, wala si kitu kipya. Mwaka 1935 Williams aliandika tena, safari hii katika jarida la Lancet la London, akalitaja jina la Kiga la Accra waziwazi, akaonyesha tofauti za magonjwa hayo mawili.

Tena tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Mwafrika peke yake. Katika Mexico daktari Hinojosa aliandika habari za watoto wenye dalili kama hizo mwaka 1865. Katika Ujerumani, mwaka 1906, madaktari Czerny na Keller walieleza ugonjwa wa watoto wachanga waliolishwa uji wa unga bila maziwa ya kutosha, wakauita kwa Kijerumani Mehlnährschaden, yaani madhara ya kulishwa unga. Basi mtoto wa Kijerumani na mtoto wa Accra walivimba kwa jambo moja. Si rangi ya ngozi iliyowaponza, bali bakuli.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki pia ugonjwa ulikuwapo, nao ulikuwa na maelezo yake. Katika sehemu nyingi za Tanzania wazee walisema kwamba mtoto wa namna hii amebemendwa. Yaani wazazi wake hawakungoja muda uliopasa baada ya kuzaa, nao wamemdhuru mtoto kwa kukutana mapema, au mama kwa kuchukua mimba nyingine. Mnaona jinsi maneno haya yanavyokaribiana na jina la Ga. Wazee waliona kweli kwamba ugonjwa wafuatana na mimba ya pili. Lakini walipoiweka sababu katika kosa la kitandani, aibu ilimwangukia mama. Naye mwenye aibu humficha mtoto ndani, huchelewa kwenda hospitali, hutafuta dawa za siri, na huku mtoto aendelea na uji mtupu. Hekima ilikuwamo katika neno, lakini aibu iliifunika. Watu wa Ga walilitaja pigo lililompata mtoto; sisi tulilitaja kosa la mzazi.

Katika Kenya na Uganda alikuwako daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929, na Uganda mwaka 1935. Yeye naye mwanzoni aliudhani ugonjwa huu kuwa pellagra ya watoto, na kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliwatazama watoto wengi wakifa mbele yake. Hata mwishoni aligeuza fikira, na mwaka 1954, pamoja na wenzake Davies na Dean, alitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huu. Mtu mwenye elimu aliyekubali kwamba alikosea astahili heshima. Kabla ya hapo, mwaka 1950, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamewatuma Brock na Autret kupita katika nchi nyingi za Afrika. Taarifa yao ya mwaka 1952 ilionyesha kwamba ugonjwa umeenea mno.

Na Cicely Williams je? Mwaka 1936 alihamishiwa Malaya. Huko alikuta hatari nyingine ya bakuli la mtoto. Wauzaji wa maziwa mazito ya kopo, yenye sukari nyingi, waliwashawishi akina mama waache kunyonyesha, na walitumia hata wanawake waliovaa kama wauguzi. Mwaka 1939, mbele ya mkutano wa watu wakubwa wa Singapore, Williams alitoa hotuba aliyoipa jina la "Maziwa na Mauaji". Hakupunguza makali ya maneno. Baadaye Wajapani waliiteka nchi, naye akafungwa pamoja na wengine tangu mwaka 1942 hata 1945. Ndani ya kifungo kile, penye njaa, walizaliwa watoto 20. Wote 20 walinyonyeshwa na mama zao, na wote 20 waliishi. Mwaka 1948 aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya mama na mtoto katika Shirika la Afya la Dunia. Naye alifariki mwaka 1992, mwenye umri wa miaka 98. Kabla ya kufa aliona jambo alilolipigania likiandikwa katika kanuni za mataifa, kwa maana mwaka 1981 shirika hilo lilitoa kanuni za kuzuia utangazaji wa maziwa ya kopo badala ya ziwa la mama.

Sasa nitaeleza kosa la wenye elimu, kwa kuwa historia isiyotaja makosa ya wakubwa si historia bali ni sifa. Baada ya mwaka 1950 wataalamu wengi walisema kwamba sababu ni moja tu: upungufu wa protini, yaani kile kijengacho mwili, kilichomo katika maziwa, mayai, nyama, samaki, maharage na karanga. Basi fedha nyingi zilitumika kutengeneza unga wa protini wa namna kwa namna. Mwaka 1974 daktari McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia imekosea njia. Leo madaktari wanakubaliana kwamba jambo hili si la protini peke yake. Mtoto hukosa nguvu ya chakula, hukosa mafuta, madini na vitamini. Tena huja kuhara, surua, malaria na minyoo, vikamaliza kidogo kilichobaki. Mtoto ni kama nyumba: haijengwi kwa miti mitupu, wala kwa udongo mtupu, wala kwa makuti matupu.

Waliofundisha vema zaidi ni wale waliorudi jikoni. Mwaka 1965, katika Mulago, ilifunguliwa nyumba iitwayo Mwanamugimu. Jina lake latoka katika methali ya Waganda, isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na malezi ya mama ambebaye mgongoni. Mama hakuachwa nje ya mlango akingojea habari. Alikaa pamoja na mtoto wake, akajifunza kupika kwa vyakula vya shamba lake mwenyewe: ndizi, viazi, maharage, karanga zilizopondwa, samaki mdogo, mboga za majani, vyote vikichanganywa na kupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Chakula hicho Waganda hukiita ekitobero. Mama aliporudi kijijini alikuwa na ujuzi wa kuwafundisha jirani zake.

Katika mkoa wa Iringa, Tanzania, kazi kubwa ya namna hiyo ilianza kati ya mwaka 1983 na 1984, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya la Dunia. Watoto walipimwa uzito katika vijiji vyao kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakasomwa na kamati ya kijiji chenyewe, wala hayakufungiwa ofisini. Utapiamlo mkali ulipungua. Tena katika miaka hiyo wataalamu wa Tanzania walieneza ujuzi wa kimea katika uji wa watoto. Mama huloweka ulezi hata uchipue, huukausha na kuusaga. Kisha hupika uji mzito, akatia kijiko kimoja cha unga ule, na mara uji hulainika bila kuongezwa maji. Kisha huuchemsha tena kidogo. Maana tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Akinywa uji mwepesi uliojaa maji, hushiba kabla ya kulishwa. Mabibi zetu waliijua kimea kwa ajili ya pombe. Hapa imeokoa watoto.

Nimesema habari za chakula. Lakini mama yangu hakuanza na chakula. Alianza na mchezo. Je, neno lake lilikuwa na msingi? Lilikuwa nao, na habari zake zatoka katika kisiwa kile kile alikozaliwa Cicely Williams.

Katika Jamaica daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hata 24. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila juma, mama akifundishwa jinsi ya kucheza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, kumsemesha na kumsifu. Wengine walipata vyote viwili. Na wengine hawakupata nyongeza. Mwaka 1991 matokeo ya miaka 2 yalichapishwa. Chakula kiliwasaidia katika akili, na mchezo uliwasaidia, na waliopata vyote viwili waliwapita wote. Tena watoto hao walifuatwa hata wakawa watu wazima. Mwaka 2014 iliandikwa kwamba, baada ya miaka 20, wale waliochezewa utotoni walikuwa wakipata mshahara uliozidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezewa. Leo Shirika la Afya la Dunia, katika maagizo yake ya kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali, limeweka mchezo na upendo kuwa sehemu ya matibabu, kama lilivyoweka maziwa na dawa.

Basi nirudi kwa mwanangu. Zamani watoto kama yeye walilazwa hospitali muda mrefu, na wengi walikufa humo humo. Lakini mwaka 1996 daktari Mfaransa, André Briend, pamoja na Michel Lescanne, walitengeneza chakula laini cha karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, madini na vitamini, kisichohitaji maji wala moto. Kila pakiti yake ina gramu 92, na hutoa nguvu ya kalori 500. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali kwamba mtoto mgonjwa ambaye bado ana hamu ya kula, asiye na ugonjwa mwingine wa hatari, aweza kutibiwa nyumbani kwa chakula hicho chini ya macho ya mwuguzi. Mwanangu alitibiwa hivyo. Mwuguzi alitupa pakiti zile na dawa, akatuagiza turudi kila juma, tena akamwagiza mke wangu na mimi pia tumpakate na tucheze naye kila siku. Nilicheka moyoni niliposikia agizo hilo la mwisho, nikaliona si dawa. Lakini nilitii. Juma la tatu, asubuhi, nikiwa navaa viatu, nilisikia kelele uani. Kuku walikuwa wakikimbia, na mtoto nyuma yao. Mama yangu aliketi mlangoni akichambua mchele, wala hakuinua macho kunitazama.

Sasa, ndugu zangu, historia hii yatuambia nini sisi wazazi wa leo? Maana hatari haijaondoka. Hesabu za mwaka 2022 zaonyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na katika Kenya 18 katika kila 100. Tena duka lililokuwa mbali zamani sasa li mlangoni, na soda na biskuti ziko mahali pa juu ambapo jicho la mtoto huziona kwanza.

Kwanza, mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo aanze chakula laini, na ziwa liendelee hata miaka 2 na kuzidi. Mimba inayokuja si sababu ya kumwachisha ghafula. Wala kuzaa kwa nafasi si jambo la aibu kulizungumza mume na mke, wala kuuliza zahanati.

Pili, uji mtupu si chakula cha mtoto. Utiwe karanga zilizopondwa, au maziwa, au unga wa dagaa, au yai, au maharage yaliyopondwa, na mafuta kidogo. Na kando yake yawepo mboga na tunda. Lakini karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe kamwe. Sumukuvu haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Kenya ya mashariki, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Wala mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, asije akapaliwa.

Tatu, mtoto wa mwaka mmoja au miwili hula milo mitatu au minne, na kati yake kitu kidogo mara moja au mbili. Hicho kitu kidogo ndicho chetu akina baba, maana sisi ndio wenye kupita dukani. Fedha inunuayo soda moja mara nyingi yaweza kununua yai, au ndizi kadhaa mbivu. Mtoto hatazisifu kama soda, lakini miguu yake itazisifu.

Nne, mtoto asikadiriwe kwa mashavu. Abonyezwe juu ya miguu yote miwili. Shimo likibaki, aende hospitali siku hiyo hiyo. Tena katika zahanati uko utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hata miaka 5: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, naye ni mgonjwa sana. Kati ya 11.5 na 12.5 ni rangi ya manjano, naye yu karibu na hatari. Dakika moja yatosha.

Tano, mtazameni akicheza. Mtoto aliyekuwa akikimbia, naye sasa aketi kimya ukutani, asisifiwe kwa upole. Na mtoto aliyepata mdogo wake, mpeni mahali pengine badala ya pale alipoondolewa: mapajani pa baba, mkononi mwa bibi, sahani yake mwenyewe asiyonyang'anywa na wakubwa.

Watu wa Ga walimwona mtoto huyu zamani, wakalipa jina pigo lake. Sisi tumejua jina, na sababu, na dawa. Kilichobaki ni kuangalia leo jioni, tukiketi kula, yule mdogo wa upande ule amekula matonge mangapi.